Kirusi Katika Mzizi wa Jino: Aliyekutwa Si Lazima Awe Mwizi

Maumivu ya jino hayachagui bwana wala mtwana. Yakianza usiku, nyumba nzima hukesha. Wazee walisema ni mdudu alilaye jino kwa ndani. Mdudu wa namna waliyomdhania hayupo, bali hawakuwa mbali na kweli, kwani waozeshao jino ni bakteria wasioonekana kwa macho.

Mwaka 1965 wataalamu watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoa habari za panya waliotobolewa meno. Kwa panya wa kawaida viini vya meno vilikufa na majipu yakaota. Kwa wale waliolelewa pasipo kijidudu chochote, tundu lilianza kujiziba lenyewe. Hukumu ikawapata bakteria.

Hata hivyo swali moja lilibaki. Kwa nini mzizi mmoja ulioharibika hukaa miaka kimya, na mwingine huvimba ghafula kwa uchungu mkali? Mwaka 2003, huko California, Sabeti, Slots na mwenzao walichunguza nyama zilizotolewa penye ncha za mizizi iliyougua, wakakuta dalili za virusi viwili vya jamaa ya hapesi: sitomegalo na Epstein-Barr, hasa penye maumivu. Wazo lao ni hili: virusi hulala mwilini, vikiamka hudhoofisha ulinzi wa mahali pale, na bakteria hupata mwanya.

Kirusi cha Epstein-Barr kina historia Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Dokta Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe mbaya wa taya za watoto, ambao hulegeza meno. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kwamba wamekiona kirusi ndani ya chembe zake.

Je, tuseme basi kirusi ndicho mwizi wa jino? La, tusifanye haraka. Watu wazima walio wengi duniani wanacho miilini mwao, nacho hujificha katika chembe nyeupe za damu. Penye uvimbe chembe hizo hukusanyika, na kirusi chaweza kufika pamoja nazo kama abiria tu. Mtu akikutwa penye moto, huenda ndiye aliyeuwasha. Huenda pia alikuja kuuzima.

Shauri hili si la maabara peke yake. Wako wengi ambao, jino likiuma, hununua vidonge vya antibaiotiki dukani, maumivu yakipoa wakadhani wamepona. Dawa hizo haziui virusi hata kimoja. Na bakteria walio ndani ya mzizi haziwafikii ipasavyo, maana kiini kikiisha kufa, damu haipiti tena humo. Tena kuzitumia ovyo huwazoeza bakteria ukaidi, hata siku ya haja dawa ikashindwa.

Kwa hiyo, kirusi kiwe na hatia au kisiwe nayo, tiba ni ile ile: mganga wa meno ausafishe mzizi na kuuziba, au aling'oe jino. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wataalamu na waendelee kumtafuta mwizi. Sisi wenye meno twende kwa mganga mapema, shimo lingali dogo.