Sadaka ya Raha Katika Bonde la Kilombero

Hakuna dini iliyopata kuhubiriwa katika nchi hizi za Afrika ya Mashariki ambayo haikumtaka mfuasi wake atangulize mambo ya roho kabla ya mambo ya tumbo. Lakini katika kila dini na katika kila zama ni wachache walioichukua amri hiyo kama ilivyo, bila ya kuipunguza makali kwa tafsiri za kujipendelea. Aghalabu mtu hutoa katika kile kilichozidi: fedha iliyobaki baada ya matumizi, saa iliyobaki baada ya shughuli, nguvu iliyobaki baada ya kazi. Kutoa namna hiyo si kubaya, wala hakukosi thawabu, lakini hakumgharimu mtoaji kitu ambacho usiku wake atakikumbuka kwa majuto. Habari tunayotaka kuieleza hapa ni ya watu waliotoa kisichozidi, yaani raha yao wenyewe na matumaini yao ya ukwasi, na mahali tutakapowatazama ni Ifakara, katika bonde la Kilombero.

Lipangalala ni kata mojawapo ya mji huo. Asiyepata kufika huko na ajue kwamba bonde ni pana, limelala chini ya milima ya Udzungwa, na rutuba yake ni ya kutajika, kwani mchele wa Kilombero hutafutwa katika masoko ya mbali. Lakini maji yale yale yaneemeshayo mpunga ndiyo yaletayo dhiki, maana masika yakikolea na Mto Lumemo ukifura, mitaa ya mji huingiliwa na maji, na maji yakipungua mbu huchukua zamu. Watafiti waliofanya kazi katika kijiji cha Namawala, kisicho mbali na Ifakara, walikadiria mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba mkazi wa huko aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria takriban mara 300 kwa mwaka mmoja, nayo ni kadiri ambayo sehemu chache za dunia ziliifikia. Katika nchi kama hiyo, mzazi wa Lipangalala ambaye mtoto wake ameshikwa na degedege usiku wa manane ana pa kumkimbizia: ipo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Hospitali hiyo haikuletwa na mfanyabiashara aliyehesabu faida, wala serikali ya kikoloni haikuwa ndiyo iliyoipa uhai. Ilizaliwa na watu waliokwisha kuziaga faida.

Mambo yalianza hivi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kazi ya Kanisa Katoliki katika sehemu za Mahenge na bonde lake ilikuwa mikononi mwa Wabenediktini wa Kijerumani. Mahenge ilipotekwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi wa Oktoba 1917, na utawala wa Wajerumani ulipokwisha, wamisionari wao waliondoshwa katika nchi, na makanisa yakabaki bila mapadre. Mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi walipokea kazi hiyo, na pamoja nao wakaja masista wa Baldegg, shirika lililoasisiwa mwaka 1830 katika jimbo la Lucerne. Wakati huo aliyeshuka garimoshi kwenye reli ya kati alikuwa na safari ya siku nyingi kwa miguu kabla ya kuliona bonde, na wengi katika wageni wa namna yake waliofika katika nchi za joto walikutana mapema na homa ya mkojo mweusi, ambayo haikuwa na simile na mtu.

Ili msomaji aelewe watu hao walikuwa wa namna gani, yafaa tumweleze kidogo juu ya nadhiri zao. Fransisko wa Assisi, ambaye Wakapuchini humfuata, alikuwa mwana wa tajiri muuza nguo katika nchi ya Italia. Alizaliwa yapata mwaka 1181, akaukataa urithi wa baba yake hadharani mbele ya askofu, akaishi kwa kazi ya mikono na kwa kuombaomba, akawahudumia wagonjwa wa ukoma ambao kwanza aliwachukia kuwaona, na akafa mwaka 1226 akiwa hana kitu. Wakapuchini ni tawi la wafuasi wake lililoidhinishwa na Papa mwaka 1528, kwa kusudi la kuurudia ufukara ule wa mwanzo. Mwenye kuingia katika shirika la namna hii huahidi mambo matatu, nayo ni ufukara, useja na utii. Ufukara wa hiari maana yake ni kwamba mshahara hauwi wake, zawadi haiwi yake, na akihamishwa huondoka na nguo zake. Utii maana yake ni kwamba hakuchagua mwenyewe mahali pa kufanyia kazi. Na useja maana yake ni kwamba hataacha mtoto wa kumrithi wala wa kumtunza uzeeni. Mambo matatu ambayo kwa kawaida binadamu huyahesabu kuwa ndiyo maisha yenyewe, yaani mali, nafasi na uzao, mtu huyu ameyaweka chini kwa mara moja.

Katika masista hao alikuwamo Arnolda Kury, muuguzi ambaye jina lake limeambatana na mwanzo wa kazi ya tiba Ifakara katika miaka ya 1920. Zahanati za misioni siku zile zilikuwa vyumba vichache, na maradhi yaliyowajaza watu barazani yalikuwa ni vidonda, homa, na buba, ugonjwa uliokula ngozi na mifupa ya watoto na wazazi. Dawa mpya ya sindano ilipopatikana, na buba ikaonekana kukauka mbele ya macho ya watu, sifa ya sindano ilienea vijijini kuliko sifa ya mahubiri yoyote. Baadaye akaja tabibu Karl Schöpf, aliyeiongoza hospitali kwa miaka mingi, na jengo likafuata jengo. Mwaka 1949 alifika huko Rudolf Geigy, mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Basel, akakaribishwa na misioni, na mwaka 1957 maabara yake ya utafiti ikafunguliwa. Maabara hiyo ndiyo iliyokua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo leo inajulikana ulimwenguni kwa utafiti wa malaria na kuongozwa na wataalamu wa Kitanzania. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru, mafunzo ya matabibu yalianza papo hapo, na mwaka 2010 kikafunguliwa chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya chenye jina lile lile la Mtakatifu Fransisko. Mtu aliyeacha uzao wake hakukosa warithi.

Lakini kipimo kikali zaidi cha huduma hiyo hakikuwa hospitali, bali kituo cha Nazareti, walikotunzwa wagonjwa wa ukoma. Ukoma huletwa na kijidudu kilichogunduliwa na Hansen wa Norway mwaka 1873. Huenda polepole, pengine miaka mitano au zaidi kabla ya kuonekana, na huua mishipa ya fahamu, hata mgonjwa akaungua mkono jikoni asijue. Mpaka dawa za jamii ya dapsone zilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, tiba haikuwa na mengi ya kuahidi, na hata baada ya Shirika la Afya Duniani kupendekeza mchanganyiko wa dawa mwaka 1981, ambao huponya kabisa ukitumiwa kwa ukamilifu, mgonjwa aliyekwisha kupoteza vidole alibaki na lawama ya watu juu ya mwili wake. Huduma kwa mgonjwa wa namna hii haina sifa ya haraka. Kidonda huoshwa leo, huoshwa kesho, na mwakani huoshwa tena. Na muuguzi asiyefanya kazi hiyo kwa imani ni vigumu kusema ataifanya kwa ajili ya nini.

Hata hivyo itakuwa dhuluma kama sifa yote itawaendea waliotoka Ulaya. Ufukara wa mmisionari, pamoja na ukweli wake wote, ulikuwa na ua: shirika lilimlisha, wafadhili wa Uswisi walimkumbuka, na akiugua sana ilikuwapo meli ya kumrudisha. Katekista hakuwa na ua huo. Naye ndiye aliyeendelea kuwakusanya waumini kati ya mwaka 1917 na 1921, mapadre walipokuwa hawapo; ndiye aliyefundisha kusoma katika shule za vichaka; ndiye aliyevuka mito kwa mtumbwi kwenda kumbatiza mtoto mahututi, akamzika marehemu, akaongoza ibada ya Jumapili kigangoni ambako padre alifika mara chache kwa mwaka. Malipo yake yalikuwa madogo, au hayakuwapo, na shamba lake la mpunga lilingoja palizi naye akiwa njiani. Watoto wake walikula walichokula. Wenzake waliokwenda kutafuta mshahara mashambani mwa mkonge walirudi na baiskeli. Yeye alirudi na daftari la ubatizo. Majina ya maaskofu yameandikwa, kama la Edgar Maranta aliyeongoza jimbo la Dar es Salaam, pamoja na bonde hili, kuanzia mwaka 1930, na la Elias Mchonde, askofu wa kwanza wa Mahenge, jimbo lililoundwa mwaka 1964. Lakini majina ya makatekista aghalabu yamebaki katika ndimi za wajukuu wao. Ikiwa sadaka hupimwa kwa kile kinachobaki mkononi mwa mtoaji, basi katekista ametoa kuliko wote.

Wala jambo hili halikuwa la Wakristo peke yao. Wakazi wa pwani wanamjua Habib Saleh, sharifu aliyehamia Lamu karne ya kumi na tisa, ambaye kwa nasaba yake angaliweza kukaa katika majumba ya mawe pamoja na wakuu wa mji, lakini alichagua kuishi upande wa Langoni, akawafundisha elimu ya dini fukara na wazao wa watumwa ambao wengine hawakuona sababu ya kuwafundisha. Msikiti na madrasa ya Riyadha aliyoasisi vingali vikiwavuta watu kutoka pande zote za mwambao, naye alifariki mwaka 1935. Waislamu huuita mwenendo huo zuhudi. Mkapuchini wa Ifakara na sharifu wa Lamu hawakukutana, wala hawakuwa na itikadi moja, lakini wote wawili walishuka kutoka mahali pa raha kwenda mahali pa haja.

Siku hizi yamezuka mahubiri ya namna nyingine, yasemayo kwamba imani ni njia ya kupatia utajiri, na kwamba atoaye sadaka kubwa atarudishiwa maradufu kwa gari, nyumba na cheo. Mwenye dhiki huyasikiliza kwa shauku, na ni nani wa kumlaumu? Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, umati uliokuwa ukikimbilia kukanyaga mafuta ya upako ulikanyagana wenyewe, watu 20 wakafa. Hatulitaji tukio hilo kwa kuwacheka marehemu, ambao kiu yao ya afya na riziki ilikuwa ya haki. Tunalitaja kwa sababu linatufundisha kuuliza swali moja jepesi kila tuitwapo kutoa: sadaka hii inakwenda wapi? Nadhiri ya sista wa Baldegg ilimpunguzia yeye na kumwongezea mgonjwa. Mahubiri yampunguziayo msikilizaji na kumwongezea mhubiri ni biashara iliyovaa kanzu.

Pengine msomaji atauliza kama basi mafanikio ni haramu na dhiki ni utakatifu. La, hasha. Ufukara uliochaguliwa na ufukara uliomwangukia mtu ni vitu viwili, na anayemsifia maskini umaskini wake amemwongezea dhuluma. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki wa kusali kila siku, aliwaambia waziwazi masista wa Maryknoll, huko New York mwezi wa Oktoba 1970, kwamba Kanisa lisiloshiriki katika kupigana na umaskini na udhalimu halitakuwa na maana kwa watu. Waanzilishi wa Ifakara walilijua hilo kwa vitendo: waliacha raha zao ili wengine wapate zao, yaani raha ya kulala bila homa, ya kutembea bila kidonda, ya kuzaa bila kufa. Hata mzazi wa Lipangalala anayetaka kutumikia kanisa lake hana budi kulipima jambo hili kwa akili, maana mwenye kuwaacha watoto wake na njaa ili aonekane kanisani kila siku ametoa kilicho cha watoto, si kilicho chake. Sadaka huanzia katika haki ya mtu mwenyewe: katika usingizi wake, anasa zake, sifa zake, na fedha ambayo angaliitumia kwa kujionyesha.

Na nafasi ya kutoa ingali ipo. Jumuiya ndogondogo za mitaa hukosa mtu wa kumtazama mjane mgonjwa. Vigango hukosa walimu wa watoto. Mafuriko yanapokuja kuna nyumba zinazohitaji mikono kabla ya maombi. Na katekista, kama alivyokuwa babu yake, bado yuko njiani na malipo yake hayatoshi mafuta ya taa. Waumini wanaopamba kanisa kwa marumaru ilhali katekista wao hana bati wameupanga mzani upande usiofaa. Walio na uwezo na waanzie hapo, kwa kumpa haki yake mtumishi aliye karibu nao. Na wasio na fedha na watoe saa moja ya juma lao kwa mgonjwa asiye ndugu yao. Kanisa la bonde hili halikujengwa na matajiri waliotoa walichobakiza, na halitadumu kwa watu wa namna hiyo.