Bwana Yako Akipanda Mwembe

Mama, mbele ya mvua kuanza, wanaume wengine hapa Lubumbashi wanapata kazi ya kukata matawi ya miembe katika lupango za watu. Umwulize bwana yako: waya wa umeme unapita wapi? Tawi bichi lina maji. Likigusa waya, umeme unafika mpaka kwake. Akishikwa na umeme, usimguse mpaka ukatwe.

Akianguka, majirani watapiga kelele, "Mwinueni!" Ukatae. Mfupa wa shingo ukiwa umevunjika, kumkalisha tu kunaweza kupoozesha mikono na miguu. Mmoja ashike kichwa, asikigeuze. Wengine wamlaze pamoja juu ya mlango, wamfunge na vikwembe, wamlete hospitali. Juu ya kinga, hapana!