Ruwaza na Impedansi katika Istilahi za Antena

Mfasiri wa vitabu vya ufundi wa redio hukutana mapema na dhana mbili. Ya kwanza ni ruwaza ya mnururisho, yaani umbo la mtawanyiko wa nishati kuizunguka antena. Ya pili ni impedansi, yaani uwiano wa volteji na mkondo geu mahali kebo inapoungana na antena. Zote mbili hutegemea umbile la antena, lakini kila moja ina njia yake, na ya pili haifai kuitwa "ukinzani" tu.

Tuchukue antena ya nusu wimbi, yenye fimbo mbili zilizotenganishwa katikati. Kwa masafa ya megahezi 100, wimbi lina urefu wa mita 3, na antena hiyo huwa na urefu upatao mita 1.4. Ikisimamishwa wima, ruwaza yake hufanana na ngata: nishati huenea pande zote, isipokuwa juu na chini kufuata fimbo. Ikiwa mbali na ardhi, impedansi yake ni karibu omu 73. Lakini fundi akiipima kwa omita, itumiayo mkondo mnyoofu, ataona sakiti iliyokatika.

Antena hiyo ikiundwa kama kitanzi chembamba chenye urefu uleule, ruwaza haibadiliki, ila impedansi hupanda takriban mara nne, karibu omu 300. Omita sasa husoma karibu sifuri. Zikiongezwa fimbo zisizoungwa na kebo mbele na nyuma, kama katika antena iliyoelezwa mwaka 1926 na Wajapani Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, nishati huelekea zaidi upande mmoja, na kwa kawaida impedansi hushuka.

Basi kitabu kikisema "ukinzani wa antena ni omu 300", fundi atakayesoma sifuri aweza kuitupa antena nzima. Ukinzani ni sehemu moja tu ya impedansi: huhusu nishati itokayo isirudi, iwe kwa joto au kwa mawimbi. Sehemu nyingine huhusu nishati inayohifadhiwa na kurudishwa katika kila mzunguko wa mkondo.

Kwa hiyo yafaa neno "ukinzani" libaki na maana yake, na "impedansi" litumike kwa dhana pana. Neno la kutoholewa lililo wazi ni bora kuliko neno la asili linalobebeshwa maana mbili.