Inuvik: kupumzika mahali jua lisipozama

Anayefika Inuvik kwa gari, huko kaskazini-magharibi mwa Kanada, huwa amekula zaidi ya kilomita 700 za changarawe. Barabara ya Dempster ilifunguliwa mwaka 1979, na mpaka leo sehemu yake kubwa haijui lami. Si ubahili wa serikali. Ardhi ya huko imeganda chini kwa chini mwaka mzima. Ikiyeyuka, barabara inadidimia. Wahandisi wakaamua kumwaga tabaka nene la changarawe juu yake ili joto lisipenye.

Gharama ya ujanja huo inalipwa na matairi. Mawe yana ncha kali, na kutoka barabara inapoanzia, karibu na Dawson City, hadi kituo cha Eagle Plains ni kilomita 369 bila pampu ya mafuta hata moja. Wazoefu hubeba spea mbili.

Lakini adui mkubwa wa dereva ni mwanga. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi baada ya katikati ya Julai, jua halichwi Inuvik. Saa tano za usiku watoto wangali nje wanacheza, na msafiri naye hujiona ana nguvu za kuendelea. Mwili uliozoea kuambiwa na giza kwamba kazi imekwisha haupati taarifa. Huku mapumziko hayaji yenyewe, hupangwa. Hata vivuko vya mito ya Peel na Mackenzie vina saa za kufunga, jua liwe juu namna gani.

Pa kupumzikia pazuri ni kambi ya Jak, kilomita chache kabla ya mji. Iko kilimani, na upepo wake unawapunguza mbu. Msomaji wa Ifakara asicheke: mbu wa kule hawana malaria, ila kwa wingi na ukaidi hawana mfano.

Nusu ya siku ya mapumziko huishia kwenye ndoo na brashi. Barabarani humwagwa chumvi ya kalisi ili kutuliza vumbi; ikichanganyika na matope na kukauka, hung'ang'ania chini ya gari na kula chuma. Kisha taa zinasafishwa, tairi zinakaguliwa, nguo zinaanikwa. Ndiyo mapumziko hayo.

Mchana uliobaki ni wa mji. Kuna msikiti mdogo uliojengwa Manitoba, ukasafirishwa mwaka 2010 kwa lori na tishari yapata kilomita 4,000, mzimamzima, hadi ukatia nanga huku. Mtu wa Lamu au Tanga atauliza mara moja: Magharibi inaswaliwa saa ngapi jua lisipozama, na futari je? Waislamu wa Inuvik hufuata ratiba ya Edmonton, mji ulio mbali kusini, ambako jua bado lina adabu ya kuchwa.

Tangu Novemba 2017 barabara haiishii tena Inuvik. Kilomita 138 zaidi zinafika Tuktoyaktuk, kwenye Bahari ya Aktiki. Wengi hutamani kuzimaliza jioni ileile waliyofika, kwa kuwa kunaonekana kama mchana. Piga hema kwanza, funga kitambaa machoni, ulale. Bahari utaikuta kesho kutwa.