Ukiletewa ukoko kwa Waajemi, usinune!

Wadau wa Njombe na Makambako, siku ukiwa Dar au Dubai ukaalikwa mgahawa wa Kiajemi, yaani chakula cha Iran, usishtuke. Wali unakuja mweupe, juu umepakwa zafarani, pembeni kebabu na nyanya ya kuchoma. Halafu unaletewa... ukoko! Kwetu ukoko wanagombea watoto, mgeni hapewi. Kwao ndio heshima yenyewe, unaitwa tahdig, maana yake chini ya sufuria. Ukiusukuma pembeni umemvunja moyo mwenyeji.

Kuupika sio kazi. Mchele unachemshwa nusu, unachujwa, unarudishwa kwenye sufuria yenye mafuta, mfuniko unazungushiwa kitambaa ili kunyonya mvuke, moto mdogo mpaka chini pakauke. Wengine wanatandika vipande vya viazi chini kabisa. Viazi jamani! Njombe tunavyo vya kumwaga, kasheshe ni zafarani tu, bei yake si mchezo.

Kinywaji chao dugh ni mtindi, maji na chumvi. Na lile pilau unalokula stendi ya Makambako, jina lake asili yake ni hukohuko Uajemi, pamoja na biriani na sambusa.