Kichwa cha Kuruta

Makambako ni njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika hapo: moja yaenda Mbeya, nyingine yapanda Njombe na kushuka hata Songea. Vijana wa pande hizo wamalizao kidato cha sita huitwa katika makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, kama lile la Mafinga, kwa utaratibu uliosimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Mzazi hulikabidhi taifa mwanawe akiwa mzima. Ni haki yake kuuliza kichwa cha mwanawe hulindwaje.

Mafunzo ya kijeshi, popote duniani, yana kuruka vikwazo na kuanguka. Kofia ya chuma huweza kuliokoa fuvu lisipasuke, lakini haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike ndani yake. Jeraha hilo halitoi damu, wala halionekani kwa macho. Naye aliyeumia hivyo, akigongwa tena kabla ya kupona, aweza hata kufa.

Siku hizi wataalamu wametengeneza vihisio vidogo vivaliwavyo katika kofia au ndani ya kikinga meno. Hupima nguvu ya mtikisiko wa kichwa na kumpelekea mganga hesabu yake. Jeshi la Marekani limepata kuwavika askari wake vipimo vya mshindo wa mabomu, na mwaka 2024 mchezo wa raga ulianza kutumia vikinga meno hivyo katika mashindano yake makubwa.

Vyombo hivi ni vyema, lakini tusidanganyike. Kihisio hupima pigo, hakimpimi mtu. Mmoja hupata pigo kubwa akasalimika, mwingine pigo dogo likamlaza. Kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika na kusahau ndizo dalili, na mwenzake wa kitanda cha pili aweza kuziona bila chombo chochote.

Basi lipo jambo lisilohitaji fedha za kigeni. Kuruta aliyeanguka akasema, "Afande, kichwa chaniuma," asiitwe mtegaji. Apumzishwe papo hapo, apelekwe kwa mganga, wala asirudi uwanjani mpaka aruhusiwe. Ukakamavu si kuficha jeraha; mficha maradhi, kilio humuumbua. Kijana aliyepanda basi Makambako kwenda kulitumikia taifa, na arudi kwao Njombe na akili zake timamu, kwani hizo ndizo taifa litakazozihitaji kesho.