Kisahani cha majivu chooni

Wapo wavutaji wanaouliza kwa nini wasitengewe viti vichache vya nyuma ndani ya ndege. Viti hivyo vilikuwepo, na havikusaidia, maana hewa ya ndani ni moja. Karibu nusu yake hupitishwa kwenye vichungio na kurudishwa kwa abiria. Vichungio vya kisasa hunasa chembe za moshi, lakini kaboni monoksaidi hupenya. Gesi hiyo huiwahi oksijeni kwenye damu, na huko angani oksijeni tayari ni pungufu, kama uko mlimani kwenye mita 2,400 hivi.

Abiria alivumilia moshi huo kwa saa nane akashuka. Mhudumu alirudi humo kesho yake, na mwaka uliofuata. Mwaka 1991 wahudumu wa ndege wa Marekani wasiovuta, akiwemo Norma Broin aliyeugua saratani ya mapafu, walizishtaki kampuni za sigara. Mwaka 1997 kampuni hizo zilikubali kutoa dola milioni 300 za utafiti wa tiba.

Kwangu mimi, hata hivyo, hoja nzito zaidi ni moto. Tarehe 11 Julai 1973, Boeing 707 ya shirika la ndege la Varig iliyotoka Rio de Janeiro ilikuwa inakaribia Paris moto ulipozuka kwenye choo cha nyuma. Marubani waliishusha shambani, kilomita chache kabla ya uwanja wa Orly. Kati ya watu 134 walinusurika 11, na kati ya hao abiria alikuwa mmoja tu. Wengi waliuawa na moshi, si kishindo cha kutua. Chanzo hakikuthibitishwa, ila sigara iliyotupwa kwenye pipa la karatasi ni miongoni mwa vilivyoshukiwa.

Marekani ilipiga marufuku sigara kwenye safari zake fupi za ndani mwaka 1988, na mwaka 2000 kwenye safari zote za kuingia na kutoka nchini humo. Marufuku hiyo ibaki. Mbona basi mlango wa choo bado una kisahani cha majivu? Sheria yenyewe inakidai. Inajua mkaidi hakosekani, na akishawasha, heri aizimie hapo kuliko kwenye karatasi za kufutia mikono.

Sigara ya kielektroniki nayo haivutwi ndani ya ndege. Usiifungie kwenye begi la kupakiwa chini: betri yake ya lithiamu ikishika moto huko, hakuna mhudumu wa kuifikia.